Udi Kabla ya Kahawa

Msumari ulikuwa bado upo ukutani. Mulazim Mahfoudha, afisa wa polisi, aliushika kwa vidole viwili akaujaribu, haukucheza. Chini yake palikuwa na alama nyeupe iliyopinda, pale ambapo moshi wa miaka mingi haukuifikia chokaa. Alama hiyo ndiyo iliyobaki ya jambia la Sheikh Himid.

"Halikunyakuliwa," alisema. "Limetunguliwa."

"Tena kwa adabu," alisema Marzouq, utepe wa kupimia ukining'inia mkononi. Marzouq alikuwa sajini, mtu mnene wa makamo, mzaliwa wa Tabora, na mpaka leo kituo cha polisi akikiita stesheni. "Mwizi mstaarabu huyu, bosi."

"Au mwenyeji."

"Yazeed si mwenyeji? Miaka yote hii anamimina kahawa humu ndani. Kesi imekwisha, sisi tunaisindikiza tu."

Mahfoudha aliuachia msumari. Aligeuka akamtazama mwenye jambia.

Sheikh Himid alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mto mgongoni, bakora mapajani. Kiharusi kilimpiga mwaka juzi kikamchukulia upande wa kulia pamoja na ulimi. Nzi alikuwa akitembea juu ya mkono wake wa kulia, kutoka kidole hadi kidole, na mzee hana habari naye. Mahfoudha alikwisha kumwamkia alipoingia, "Shikamoo, mzee," kwani ujanani mzee alikaa Unguja na huko ndiko alikooa. Mzee alimtazama tu.

Chumba hiki ndicho sabla, mahali pa wanaume kupokea wageni na kusikiliza mashtaka. Zamani sabla ya Wadi Sumeir, ndani kidogo ya barabara iendayo Jalan Bani Bu Hassan huku Omani, ilikuwa haina hata nafasi ya mtu kukunja goti. Watu walikuwa wakitoka mpaka Al Kamil kuja kuhukumiwa hapa. Lakini mji huu una nyumba mbili za watukufu: Watu wa Juu, wanaokaa pale mfereji wa falaji unapoanzia, na Watu wa Chini, pale unapoishia. Nyumba hizo zimegombana tangu Mahfoudha hajazaliwa. Nani akae kulia kwa sheikh, nani amiminiwe mwanzo, nani atangulie kuingia msibani. Juu wakishtaki, Chini hawaji. Chini wakihukumiwa, wanasema sheikh kawaegemea Juu. Watu wa mabondeni wakachoka, wakaanza kwenda mahakama ya serikali, na mikeka ya sabla ikawa inatandikwa Jumatatu tu baada ya alasiri, kwa ajili ya desturi.

Sheikh hana mtoto. Jumatatu ijayo, mbele ya wali, mkuu wa wilaya, kwa mkono wake wa kushoto, alikuwa amkabidhi jambia mmoja wa wakuu wa nyumba hizo, na huyo ndiye angekuwa sheikh. Jumatatu iliyopita, sabla imejaa watu, jambia likatoweka.

Leo Ijumaa. Kesho asubuhi Yazeed, kijana wa kahawa, atapelekwa Sur kwa mwendesha mashtaka. Alikuwa amekwisha kuahidiwa kazi Ras al Jinz, kuwaongoza wageni wanaokwenda kutazama kasa wakitaga. Akifika Sur kama mwizi, kazi hiyo basi, na jina lake basi.

"Mwite wa kwanza," alisema Mahfoudha.

Wa kwanza alikuwa Khalifa, mkuu wa Juu, ndevu zimechanwa, kilemba kimekazwa. Thabit, mkuu wa Chini, alikataa kuingia chumba kimoja naye. Alikaa garini nje, injini inaunguruma kwa ajili ya kipoza hewa, maana kiangazi cha mwaka tisini na nane kilikuwa kikali. Mahojiano yote yalikuwa kwa Kiarabu, na Mahfoudha aliyaendesha kwa sauti moja, kama mtu anayehesabu nguo za dobi.

"Ulikaa wapi?"

"Kulia kwa sheikh. Ndipo mahali pangu."

"Ukaona nini?"

"Nimemwona kijana wa kahawa anabaki nyuma. Sote tumetoka, yeye kabaki. Unataka nini zaidi?"

"Nataka tokea ulipokaa."

Khalifa alipumua. "Tumekula tende. Kijana kaanza kumimina, na wa mwanzo nikawa mimi." Hapo alinyoosha mgongo. "Nikanywa cha pili. Udi ukaja. Tukainuka."

"Ulikwisha kutikisa kikombe, kusema basi?"

"Sikuwahi."

"Halua je?"

"Ilikuwa kwenye sinia. Imefunikwa."

"Na hilo halikukuudhi?"

"Liliniudhi sana! Nikajua ni vitimbi vya Thabit. Kasema na watu wa nyumba wanikatize. Mimi nafikia cha tatu, yeye hata cha kwanza hajapata, roho inamwuma."

Alipotoka, Thabit alishuka garini. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa. Alipita mbali na Khalifa uwanjani kama anayepita mbali na mbwa.

"Waliniweka kushoto," alisema kabla hajaulizwa. "Kushoto, binti yangu, na mvi zote hizi. Na kikombe hakikunifika! Kijana yuko na dele la kahawa, wamebaki watu wawili kunifikia, udi huo! Unajua maana yake?"

"Niambie."

"Maana yake, Thabit inuka uende zako, kahawa hukustahiki."

"Nani alikufanyia hivyo?"

"Khalifa. Nani mwengine?"

"Na jambia nani kachukua?"

"Yazeed. Hilo hata Khalifa atakwambia."

"Keshaniambia."

Thabit alionekana kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake kikamkaa sawa. "Basi ndiyo kweli," alisema. "Sisi hatujapata kusema neno moja, tangu enzi za baba zetu."

Marzouq alikuwa amekwenda kupiga simu. Alirudi mbio kwa kadiri ya mwili wake.

"Bosi, nimempata. Thabit! Kabla ya wizi ameagiza mkanda wa jambia kwa sonara wa Sur, uzi wa fedha mtupu. Mtu anaagiza mkanda wa jambia ambalo hana?"

"Khalifa kaoa Nizwa," alisema Mahfoudha. "Wapigie masonara wa Nizwa."

"Wa nini?"

"Piga, Marzouq."

Safari hii alirudi polepole. "Na yeye kaagiza. Siku zile zile. Wake una nakshi za dhahabu."

"Basi kila mmoja alikuwa na hakika kuwa atapewa. Mtu haibi kitu anachongoja kupewa mbele ya wali. Akikiiba atakivaa wapi?"

"Tumerudi kwa Yazeed."

"Tumerudi kwenye udi. Wewe ukialikwa kwa watu, mambo yanakwendaje?"

Marzouq alihesabu kwa vidole vinene. "Tende. Kahawa, mpaka kila mtu atikise kikombe. Halua. Marashi. Udi. Nyumbani."

"Udi ukishapita, unakaa?"

"Bosi! Nani anakaa? Nitaambiwa sina wazee."

"Na ukija mapema, unauliza kwa nini?"

"Udi hauulizwi. Ukija, unanyanyuka."

"Ndivyo walivyofanya. Kahawa haijazunguka, halua haijafunuliwa, marashi hayajatoka, udi ukaja, na sabla nzima ikanyanyuka. Khalifa akaona katukanwa na Thabit. Thabit akaona katukanwa na Khalifa. Kila mtu akatoka na hasira zake, hata mmoja hakuuliza nani kauleta. Mtu alitaka chumba kiwe kitupu, na alijua hakuna atakayeuliza."

Marzouq alikuna shingo. "Aliyeubeba ni Yazeed."

"Aliyeubeba, ndiyo. Aliyeuleta simjui. Twende stesheni kwako."

Asya, mama yake Yazeed, alikuwa kwenye benchi nje ya kituo, bakuli la wali limefungwa kitambaa mapajani. Alikuwa hapo tangu Jumanne. Alimtazama Mahfoudha bila ya kunyanyuka.

"Mwanangu hakuiba, bibie."

"Nimekusikia, Bi Asya."

"Kila mtu kanisikia."

Yazeed alikuwa kwenye godoro, mgongo ukutani. Kijana mwembamba, mzaliwa wa hapa hapa, Kiswahili chake cha kuokota kwa mama. Sahani ya mchana ilikuwa haijaguswa.

"Mbona huli?"

"Sina hamu, ustadha."

"Wamekupiga?"

"La. Hakuna kitu." Alisema kama anayejibu habari za mtu mwengine. "Kesho Sur, sawa. Mimi nimechoka kusema."

"Sema mara moja tu. Chetezo cha udi ulikitoa wapi?"

"Mlango ya ndani. Ya wanawake. Wao wanaweka chini, mimi nachukua, nazungusha."

"Wanajuaje kama wakati umefika? Wao hawaoni watu."

"Mimi nagonga. Watu wote wakisema khalas, mimi nagonga mara moja, wao wanaleta."

"Na Jumatatu uligonga?"

Yazeed alinyanyua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama.

"La," alisema. "Wallahi, sijagonga. Nimegeuka na dele, nimeona ile chetezo iko pale, moshi inatoka. Nimesema labda nimesahau mimi. Nimechukua."

"Ulimwambia nani habari hii?"

"Nani ameuliza? Wao wanauliza jambia wapi, jambia wapi."

"Kisha?"

"Watu wametoka. Nimekusanya vikombe, nimekwenda kuosha kwenye falaji. Nimerudi kukunja mikeka, ukuta tupu. Mimi mwenyewe nimepiga kelele."

"Chumbani alibaki nani?"

"Babu Himid tu. Yeye siku zote anabaki."

Mahfoudha alifunga mlango wa seli. Walipoukaribia mji Marzouq akasema, "Kwa hiyo mlango wa ndani," na Mahfoudha akasema, "Kwa hiyo wewe utangoja nje."

Jikoni kwa Sheikh Himid kulikuwa na harufu ya samaki na bizari. Fakhriya, msichana aliyelelewa humo ndani, alikuwa amechuchumaa anaparua magamba ya nguru. Bimdogo, mke wa sheikh, alikuwa kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa mkongwe, mdogo wa umbo kama jina lake, kanga mabegani juu ya nguo ya Kiomani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Wewe ndiye askari wa kike? Nikidhani utakuja na bunduki. Wa wapi?"

"Sur, bibi. Lakini nimezaliwa Unguja mjini, Malindi."

"Malindi!" Mikono ya Bimdogo haikuacha mchele. "Basi mkate wa kumimina unaujua."

"Naujua kuula."

"Ndiyo kujua kwenyewe. Kuupika kunachosha bure."

Fakhriya alicheka. Mahfoudha alivuta kigoda akakaa, akamtazama namna anavyoparua. Kisu chake kilikuwa hakina mpini. Kilifungwa kitambaa mahali pa kushikia. Kilikuwa kipana, kimepinda, kina mgongo ulioinuka katikati kutoka mwanzo hadi nchani.

"Vitendawili mnategeana bado nyumba hii?" aliuliza.

"Nitegeane na nani? Huyu ukimwambia kitendawili, anakwambia naam."

"Najua kutega, bibi!" alisema Fakhriya.

"Unajua kitu gani wewe, kelele tu. Nitegee, mwanangu. Miaka sijasikia."

"Kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu hana miguu. Akiingia, wenye miguu wote hutoka."

Kisu kilisimama juu ya samaki. Bimdogo alitoa chuya moja kwenye mchele, akaitupa, akatoa nyengine.

"Udi," alisema.

"Umepata, bibi. Sasa huyo mgeni, Jumatatu, nani alimwita? Maana Yazeed hakugonga mlango."

"Fakhriya," alisema Bimdogo, "kaanue nguo."

"Hazijakauka, bibi."

"Kaanue hivyo hivyo."

Msichana aliweka kisu akatoka. Mahfoudha alikiokota, akakifungua kitambaa. Chuma kilikuwa cha kale, chembamba, makali pande zote mbili.

"Kisu hiki kimepinda sana kwa samaki."

"Kinaparua vizuri."

"Nani katungua, bibi?"

"Mimi." Bimdogo aliweka ungo chini. "Nimewasha udi, sikungoja kugongewa, nimeuweka. Wametoka. Kijana katoka na vikombe. Nimefungua mlango, nimelitungua, nimerudi. Si mbali."

"Mzee alikuona?"

"Kanitazama mwanzo mpaka mwisho. Hata macho hakufumba."

"Mpini na ala viko wapi?"

"Jumatano nimekwenda Ibra, kwenye suku, soko la wanawake. Mwanamume haingii kule, awe wa Juu awe wa Chini. Yuko mtu anaitwa Turkiya, ananunua fedha kuukuu. Nimemwambia yeyusha nione. Nimekaa nikatazama mpaka ikawa maji."

"Ukasikia nini?"

Bimdogo alifikiri, kwa haki kabisa, kama anayetaka kujibu sawa. "Joto la jiko," alisema.

Mahfoudha alisogeza kigoda chake karibu.

"Himid ana mkono mmoja mzima," aliendelea Bimdogo, "na mbele yake watu wawili. Ampe Khalifa, Chini watachukua bunduki. Ampe Thabit, Juu watafunga maji. Miaka mimi niko nyuma ya mlango ule nawasikiliza. Mwanzo nikilia. Kisha nikawa nakasirika. Kisha ikawa kama kusikiliza mashine ya maji tu, inanguruma, wewe unachambua mchele wako. Nikasema, kisiwepo cha kupewa. Watashtakiana wenyewe kwa wenyewe, kama desturi yao, na serikali itachoka nao, itawaambia kaeni nyote bila ya sheikh."

"Badala yake wakamshika Yazeed."

"Watu hawa, mwanangu, hata mwezi wa Idi hawajapata kuuona pamoja. Juu wanafunga, Chini wanakula. Nani angedhani watakubaliana? Na wakikubaliana, wakubaliane juu ya kijana wa watu?"

"Siku zote hizi hukusema."

"Nikingoja moyo uniume, ninyanyuke, nende nikaseme. Haukuuma. Nikamwona Asya anapita na bakuli, nikasema sasa utauma. Wapi." Alitazama mikono yake. "Na nikisema, watasema sheikh kaibiwa na mkewe ndani ya nyumba yake, na mume wangu hana ulimi wa kuwajibu. Lakini kesho wanampeleka Sur, nimesikia. Basi andika. Nipeleke mimi."

Mahfoudha hakuandika. Alikuwa anakifunga tena kile chuma kwenye kitambaa chake, polepole, duru kwa duru.

"Jambia lilikuwa la nani, bibi?"

"La Himid. La baba yake kabla yake."

"Nani aliyekuja kushtaki kituoni?"

"Khalifa na Thabit. Kila mtu na gari lake."

"Mwenye mali je?"

"Nani kamwuliza? Wanamwona hasemi, wanadhani hasikii. Anasikia kila kitu. Ndiyo anafumba macho. Hapana ananyanyua kidevu. Fakhriya anamwuliza chumvi imezidi, anajibu."

Mahfoudha alimrudishia kisu mkononi mwake. "Malizieni samaki wenu," alisema.

Baada ya sala ya alasiri aliwaita wakuu wote wawili sablani. Walikubali kuingia kwa sababu hakuna aliyetaka mwenzake aingie peke yake. Walikataa kukaa, maana kulia kwa sheikh pana nafasi ya mtu mmoja tu. Marzouq alisimama karibu na mlango na karatasi zake. Mahfoudha alivuta mto akakaa chini mbele ya kiti cha sheikh, uso kwa uso.

"Mzee wangu, wewe ndiye mwenye mali. Nakuuliza mbele ya hawa. Umeibiwa?"

Kidevu cha Sheikh Himid kikanyanyuka, kidogo, kikarudi.

"Hakufahamu," alisema Khalifa.

"Jambia lako lilitoka hapa bila ya ridhaa yako?"

Kidevu kikanyanyuka.

"Unamshtaki Yazeed, kijana wako wa kahawa?"

Kidevu kikanyanyuka, na mara hii hakikushuka upesi.

"Huyu mgonjwa!" alisema Thabit. "Akili imeondoka. Anachosema hakihesabiwi."

"Kweli kabisa," alisema Khalifa. "Tumwonee huruma. Hajui anachoulizwa."

"Ya pili hiyo mnakubaliana," alisema Marzouq kutoka mlangoni.

Mahfoudha aligeuza kichwa. "Mnasema sheikh hana akili timamu?"

"Hana."

"Na wewe, Thabit?"

"Hana, nimesema."

"Andika, Marzouq. Wakuu wa nyumba zote mbili wanashuhudia kuwa Sheikh Himid hana akili timamu. Nampelekea wali leo leo. Jumatatu wali asihangaike kuja. Asiye na akili hawezi kumteua mtu yeyote. Kesi ya kijana iendelee, na usheikh ufungwe."

Marzouq aliandika. Aliandika polepole sana, herufi moja moja, na kalamu yake ilisikika.

Khalifa alikuwa wa kwanza. "Mimi sikusema hana kabisa."

"Nilisema amechoka," alisema Thabit. "Watu hawasikii vizuri. Amechoka, kwa joto hili."

"Anayo au hana?"

Walitazamana. Mahfoudha hakuwa amewaona wakitazamana kabla ya hapo.

"Anayo," alisema Khalifa.

"Anayo," alisema Thabit.

"Basi amejibu. Hakuibiwa, na hamshtaki mtu. Wekeni sahihi hapo."

Waliweka, kila mmoja na kalamu yake mwenyewe.

"Na jambia liko wapi?" aliuliza Khalifa.

"Mwenyewe huyo. Mwulizeni."

Hakuna aliyemwuliza. Hakuna hata aliyegeuza uso upande wa kiti. Khalifa alitoka kwa mlango wa mbele, na Thabit, ili asimfuate nyuma, alitoka kwa mlango mdogo wa kupitishia vikombe, ameinama, kilemba mkononi. Mlango wa ndani, ule wa wanawake, ulikuwa wazi kiasi cha vidole viwili; Mahfoudha aliponyanyuka ukafungwa.

Garini Marzouq alisema, "Ripoti nimalizieje?"

"Mwenye mali hakushtaki."

"Na aliyechukua?"

"Wizi hakuna, Marzouq. Sasa aliyechukua anatoka wapi?"

Marzouq alitafakari hilo mpaka kituoni.

Sahihi na mihuri vilichukua muda. Waliporudi nje na Yazeed, Asya alikuwa amekwisha kusimama. Alimshika mwanawe mkono kwenye kiwiko, akamgeuza, akamtazama mgongo, kama anayekagua kanzu iliyotoka kwa fundi. Yazeed alijiacha ageuzwe. Hakuna aliyelia.

Nje ya lango yalikuwepo magari mawili, moja huku, moja kule, katikati njia tupu. Kwenye la kwanza aliegemea mpwa wa Khalifa. Kwenye la pili, mtoto wa Thabit.

"Yazeed!" aliita wa kwanza. "Karibu, ndugu yangu. Ammi anakusalimu. Kesho anafungua sabla yake Juu, na kahawa hamimini mtu ila wewe. Sabla ya sheikh ndiyo ile anayomimina Yazeed, kila mtu anajua."

"Usimsikilize!" alisema wa pili. "Baba kakuwekea chumba, na kipoza hewa. Usheikh uko Chini sasa. Panda."

"Jana mlimwita mwizi," alisema Asya.

"Mambo ya jana hayo, khalti."

Marzouq alimwinamia Mahfoudha sikioni. "Bosi, wamepata jambia jingine."

Yazeed alisimama langoni. Alitazama gari hili, akatazama lile. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Ustadha," alisema bila ya kugeuka, "wewe unarudi Sur?"

"Sasa hivi."

"Ras al Jinz iko mbele ya Sur."

"Mbele kidogo. Naweza kukufikisha."

Mpwa wa Khalifa aliwasha gari. Mtoto wa Thabit, kwa kusikia lile, akawasha lake. Asya alifungua mlango wa nyuma wa gari la polisi, akaingia na bakuli lake, akasogea ili kumpa mwanawe nafasi.

Mahfoudha alipita katikati ya magari mawili, akakata kushoto kwenye barabara ya Sur. Walipoupita mji wa Al Kamil, nyuma kukasikika kitambaa kinafunguliwa, na kijana akaanza kula.